Nilivyowahudumia wakazi wa ghorofa wakati mabomba yakibadilishwa

Jengo lenyewe lipo Upanga, Dar es Salaam: ghorofa nne, nyumba 24, na mabomba ya chuma yaliyowekwa tangu lilipojengwa. Wa juu maji yalikuwa yanachuruzika tu, wa chini kila asubuhi wanafungua koki yanatoka ya kahawia. Kamati ya wakazi ikakubaliana mfumo wote ung'olewe, yawekwe mabomba ya plastiki ya PPR. Mkandarasi alipopata kazi aliniajiri mimi nishughulike na watu, mafundi washughulike na mabomba. Hakuna aliyehamishwa. Familia zote zingeendelea kupika, kuoga na kulala humo humo huku kuta zikivunjwa.

Kabla sijaanza nilimwomba bosi vitu viwili: ufunguo wa chumba cha pampu, na fedha kidogo ya dharura nitakayoitumia bila kusubiri sahihi yake. Alisita. Nikamwambia wazi kwamba mtu wa huduma asiyeweza kufunga maji wala kumlipa fundi rangi, kazi yake ni kupokea matusi tu. Akanipa vyote.

Jambo la kwanza lililohitaji kueleweka ni mpangilio wa kazi. Bafu za jengo lile zimepandana, la juu limekaa sawasawa juu ya la chini, na bomba moja la wima linalisha nyumba nne za mstari mmoja. Kwa hiyo huwezi kumaliza ghorofa moja ndipo upande nyingine. Unafanya laini nzima, juu hadi chini, na nyumba moja ikifunga mlango zote nne zinakaa bila maji. Wakazi hawakuwa wameelezwa hilo, na kwa macho yao mafundi wangeonekana wanarukaruka tu.

Nikaita kikao jioni pale kwenye maegesho, nikachora laini sita kwa chaki sakafuni, kila mtu akasimama kwenye laini yake. Halafu nikatoa kipande cha bomba alichokikata fundi kule juu kwenye matanki. Kwa nje lilikuwa bomba la inchi moja, ila ndani kutu ilikuwa imejaa hata kidole changu kidogo hakikupita. Kilipita mkono kwa mkono. Mzee mmoja aliyeupinga mradi tangu mwanzo alikiinua kwenye taa akachungulia, akakigonga kiganjani, unga mwekundu ukamwagika. "Kumbe ndiyo tunayopikia chai hii?" Hakubisha tena, na kesho yake ndiye aliyekuwa akiwahimiza majirani waache funguo.

Matangazo yangu yalikuwa na saa, si siku. Nikiandika maji yanafungwa saa tatu asubuhi na kurudi saa kumi jioni, basi saa nane mchana napita kwa mafundi. Nikiona hatutamaliza, ujumbe unatoka saa nane ile ile. Mtu akiambiwa mapema atatuma mtoto na dumu, atapika kitu kisichohitaji maji mengi, atapanga jioni yake. Akiambiwa saa kumi na moja ana kila haki ya kukasirika. Mafundi nao niliwaomba wanieleze kwa nini mambo huchukua muda, ili nami nieleze. Bomba la PPR la milimita 20 linapashwa moto kwenye mashine ya nyuzi 260 kwa sekunde 5 hivi, linaunganishwa, kisha linaachwa lipoe bila kuguswa. Ukiliharakisha, kiungo kinavuja ndani ya ukuta uliokwisha kupigwa plasta. Wakazi walilipokea hilo vizuri kuliko "vumilieni kidogo".

Kundi la WhatsApp lilisaidia, lakini halikutosha hata kidogo. Ujumbe unafika kwa baba yuko ofisini Posta, anayefungua mlango ni dada wa kazi aliyekatazwa kufungulia wageni. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwa na mafundi, nikawatambulisha kwa akina dada hao kwa majina na sura, nikawaachia namba yangu. Wale ndio waliokaa na vumbi kutwa nzima, na wao ndio walioniambia mapema kwamba turubai halijafungwa vizuri au fundi ameacha kifusi jikoni. Ijumaa nilizuia dirili na grinda kuanzia saa sita mpaka saa nane mchana. Muuguzi mmoja wa Muhimbili aliyekuwa zamu za usiku tulimsogezea kazi ya kuchimba ukuta hadi wiki yake ya zamu za mchana, na laini yake ikabadilishana nafasi na ya jirani.

Shida kubwa ilikuwa ghorofa ya pili. Mama mmoja mjane alikataa bafu lake lisiguswe. Nilikwenda peke yangu, bila fundi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kama umekuja kwa habari ya bafu, kaa unywe chai, ila ukuta wangu hauvunjwi."

Nikanywa chai. Akanionyesha marumaru zenyewe, za kijani zenye maua meupe, alizobandika marehemu mumewe kwa mikono yake. Mtindo ule hauuzwi tena, hata Kariakoo alishatafuta. Sikubishana naye, maana alikuwa na haki. Nikarudi kwa fundi mkuu nikamuuliza ukuta ule upande wa pili una nini. Upande wa pili ni jikoni, plasta na rangi tupu. Tukaingilia jikoni, tukachimba polepole kwa tindo badala ya grinda, mama mwenyewe amesimama bafuni mkono wake ukiwa juu ya marumaru anasikiliza. Hakuna iliyopasuka. Kazi ilichukua muda mrefu zaidi, bosi akanung'unika, lakini laini nzima ilifunguka siku hiyo.

Kulikuwa pia na suala la nani anatoa ruhusa. Chini ya Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, mwenye nyumba anamiliki sehemu yake, na maeneo ya pamoja ni ya wote. Lakini wenye nyumba kadhaa wanaishi Maskati na London, anayevunjiwa bafu ni mpangaji. Ruhusa niliipata kwa mwenye nyumba, ratiba niliipanga na mpangaji. Kila chumba nilikipiga picha kabla ya kazi, mpangaji akasaini, mwenye nyumba akatumiwa. Mpangaji asije akakatwa amana kwa ufa ambao hakuusababisha yeye.

Usiku mmoja plagi ya kuzibia bomba ililegea, maji yakaanza kudondokea dari ya jipsamu ya nyumba ya chini. Nilipigiwa saa tano. Nilifika na ufunguo wangu, nikafunga valvu ya laini hiyo, nikamwita fundi, na asubuhi zulia likaenda kufuliwa kwa ile fedha ya dharura kabla mwenye zulia hajaandika malalamiko. Dari ilipokauka ikapakwa rangi yote, si kiraka.

Mkandarasi alipokabidhi kazi mimi nilirudi tena baada ya wiki kadhaa, nikapapasa kila ukuta uliozibwa kama una unyevu. Nyumba mbili zilikuwa na rangi iliyobanduka, zikarudiwa. Kwenye kibanda cha mlinzi nilibandika mchoro wa valvu, kila laini kwa rangi yake, na akina dada wa kazi nikawaonyesha mmoja mmoja ipi ni ya kwao na inafungwa kwa kuzungusha upande gani.