Kumbe biti ilikuwa inakalia kisigino

Nina karakana ndogo nyuma ya nyumba, Pasua, Moshi. Natengeneza mageti na grili za madirisha. Kwa miaka miwili kila biti ya drili iliyoisha makali niliitupa kwenye kopo la rangi chini ya meza, nikanunua nyingine. Nililaumu maduka, nikalaumu Wachina, hata umeme niliulaumu.

Siku moja natoboa flati baa ya milimita 6 kwa biti niliyojinolea mwenyewe. Inapiga kelele, inafuka moshi, tundu haliendi popote. Jirani yangu, mzee aliyewahi kufanya kazi Kilimanjaro Machine Tools kule Hai, akaja hadi ukutani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hiyo biti inalia. Hebu ilete."

Akaitazama kwa ubavu. Kila biti ina midomo miwili inayokata, na nyuma ya kila mdomo kuna kisigino. Mimi nilikuwa nimenoa mpaka kisigino kikawa juu kuliko mdomo. Kwa hiyo kilichokuwa kinagusa chuma ni kisigino; mdomo ulikuwa unaelea tu hewani. Hata ningeegemea drili kwa uzito wote wa mwili, ingetoa moshi tu.

Tukaenda kwenye jiwe la kunolea. Unaweka mdomo ulale sawa mbele ya jiwe, unagusisha, halafu unashusha mkia wa biti taratibu ili jiwe likwangue kuelekea nyuma na kisigino kishuke. Unageuza upande wa pili, idadi ileile ya miguso. Nilipoiona imepata moto nikakimbilia ndoo ya maji, akanishika mkono: HSS, yaani high speed steel, chuma cha biti hizi, ikiwa ya moto sana ukaitumbukiza majini inaweza kupasuka nyufa ndogo usizoziona. Iache ipoe yenyewe.

Kipimo chake kilinichekesha. Alichukua nati mbili za saizi moja, akazibana ubavu kwa ubavu. Bonde linalobaki kati yao ni nyuzi 120, na biti za kawaida huwa na ncha ya nyuzi 118. Ncha ikikaa vizuri humo, umepatia. Ila hiyo ni pembe tu. Urefu wa midomo unaupima kwa jicho. Mmoja ukizidi, tundu linapanuka, na ndiyo maana bolti zangu za 10 zilikuwa zinacheza. Ukitoboa, maganda yajikunje kutoka pande zote mbili.

Kwenye kununua pia nimebadilika. Rangi ya dhahabu siihesabu tena, ni ngozi ya juu tu. Nanunua moja kwanza, naigusisha kwenye jiwe. Cheche nyeupe zinazopasuka kama nyota ni chuma cha kaboni, ambacho kikigeuka bluu kimelainika. HSS inatoa cheche chache, nyekundu, zisizopasuka. Za stenlesi natafuta zenye kobalti asilimia 5, naendesha polepole kwa mafuta. Chini ya milimita 4 sinoi, macho yangu hayafiki.

Jumapili ile nilimwaga kopo lote mezani. Kati ya biti 23, 14 zilirudi kazini. Mzee alichukua ya milimita 8, akasema ndiyo malipo yake.