Nilivyochagua deki ya CD ya sebuleni: lenzi kwanza, chapa baadaye

Rafu mbili za sebuleni kwangu zimejaa diski za CD. Kuna taarabu asilia ya Unguja, dansi la zamani la Dar es Salaam na la Kinshasa, kaswida alizoniachia marehemu baba, na fungu kubwa la diski za kuchoma, zile tulizokuwa tukitengenezewa kwenye vibanda vya mtaani miaka ya 2000. Nyingi kati ya hizo huzikuti kwenye intaneti, na ukizikuta, aliyezipandisha kazibana mpaka kanuni, ile ala ya nyuzi, na fidla zimepoteza utamu wake. Kwa hiyo deki yangu ya zamani ilipoanza kuruka nyimbo, ikaishia kukataa diski kabisa, sikuwa na wazo la kuhamia kwenye flashi. Nilitaka deki nyingine, nzuri, ya kukaa nayo miaka, itakayokwenda na amplifaya na spika ambazo tayari ninazo na ninazipenda.

Watu wengi huanzia kwenye chapa. Mimi nilianzia kwenye rafu. Nilizitoa diski zote nikazigawa mafungu: za kiwandani, za kuchoma zenye muziki wa CD wa kawaida, na za kuchoma zenye MP3. Mgawanyo huo ndio ulioniongoza mpaka mwisho, na sababu yake ni hii. Diski ya kiwandani ina vishimo vidogo sana vilivyogandamizwa kwenye plastiki na kufunikwa utando wa alumini, kwa hiyo mwanga wa leza ukiipiga hurudi kwa nguvu. Diski ya kuchoma haina vishimo. Ina tabaka la rangi lililounguzwa na leza, na mwanga unaorudi ni hafifu zaidi. Ile ya kufutika, CD-RW, hurudisha mwanga mdogo kuliko zote, kiasi kwamba deki nyingi za miaka ya 1980 na za mwanzoni mwa miaka ya 1990 haziioni kabisa. Deki inaweza kuwa ya bei kubwa, imesifiwa na wajuzi, na bado ikakaa kimya ukiitilia diski ya harusi ya dada yako.

Mgawanyo huohuo uliniepusha na gharama. Nilikuwa nimevutiwa na deki zinazosoma SACD, mfumo wa diski za sauti ya ubora wa juu ambao Sony na Philips waliutoa mwaka 1999, na sauti yake nimewahi kuisikia, ni nzuri kweli. Lakini kwenye rafu zangu hakuna SACD hata moja, na wala sitarajii kuipata taarabu ya Unguja kwa mfumo huo. Nikaachana nao.

Kitu cha karibu kabisa kilikuwa deki ya DVD ya bei nafuu, zile zinazopangwa kwa wingi madukani Kariakoo. Deki hizi nazisifu kwa jambo moja: hazibagui diski. CD, VCD, MP3, ya kuchoma, ya kufutika, zote zinasoma. Tena nyingi zina tundu la kutolea sauti ya dijitali nyuma, kwa hiyo mtu mwenye fedha kidogo anaweza kuiunganisha na kisanduku cha DAC cha pembeni, ambacho kazi yake ni kugeuza namba kuwa sauti, na akapata muziki safi sana. Ningekuwa ninaishi peke yangu ningeishia hapo. Ila mama anakaa nasi, naye hupenda kuweka diski mwenyewe asubuhi kabla sisi hatujaamka. Deki ya DVD bila televisheni kuwashwa haikuonyeshi vizuri uko wimbo wa ngapi. Nilitaka kitu ambacho mama anabonyeza kitufe kimoja, trei inatoka, anaweka diski, namba ya wimbo inawaka mbele yake kwa maandishi makubwa.

Deki mpya za CD bado zinatengenezwa. Nilizitazama Marantz CD6007, Yamaha CD-S303, Denon DCD-600NE na NAD C 538. Zote zinasoma diski za kuchoma na za MP3, zote zinatoka kwa watu wanaojua kazi yao. Ukiiagiza Dubai au Uingereza, ukajumlisha usafiri na ushuru, bei inayofika mlangoni si ile uliyoiona mwanzo. Kwa mfuko wangu haikuwezekana, nikaelekea kwenye mtumba.

Mtumba wa deki huku kwetu una njia kuu mbili, Japani na Uingereza, na tofauti yake ni umeme. Deki iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani inakula volti 100. Umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja, ukibahatika fyuzi itakufa, usipobahatika transfoma ya ndani itaungua. Muuzaji akikuambia "inatumia umeme huuhuu wa kawaida", igeuze usome kibao cha nyuma mwenyewe. Dawa ipo: transfoma ya kushusha umeme mpaka 100, na iwe 100 kweli, kwa sababu nyingi zinazouzwa zinashusha mpaka 110. Deki ya CD haili umeme mwingi, transfoma ndogo inatosha. Nilizitamani sana hizi za Kijapani, maana kwa bei ndogo unapata chombo kizito kilichotunzwa. Lakini nyumba yangu ina wageni na watoto wa ndugu wanaochaji simu kila tundu. Siku moja mtu angeichomoa kwenye transfoma akaichomeka ukutani, na hapo asingekuwa na kosa. Ya Uingereza ina volti zetu na plagi ya miguu mitatu kama yetu.

Kabla ya kutafuta zaidi nilikwenda kwa fundi wangu Kariakoo, mzee aliyeihudumia amplifaya yangu kwa muda mrefu. Nikamuuliza, "Mzee wangu, deki ipi haifi mapema?"

"Kaka, usiniulize deki, niulize lenzi," akajibu. "Mota naipata, mkanda wa trei naupata, kapasita zimejaa hapo. Lenzi ikichoka na nisiipate, hiyo deki yako ni pambo."

Lenzi kwa mafundi ni kile kichwa kizima cha leza kinachosoma diski. Akanionyesha kwenye droo yake. Kuna lenzi ya Sony, KSS-213 na ndugu zake, ambayo kampuni nyingi ziliitumia kwenye deki zao, na vipuri vyake vinapatikana hadi leo. Nyingi za sasa ni nakala, nzuri zipo na mbovu zipo, lakini zipo. Halafu kuna deki za Philips za miaka ya 1980 zenye mkono wa leza unaozunguka, CDM-1 na CDM-2. Fundi alizisifu kwa dhati, akasema hakuna kilichotengenezwa kwa uimara kama zile. Ila ikifa unasubiri deki nyingine ya aina hiyo ifie pengine ili uichune. Akaniandikia kwenye karatasi namba za lenzi anazozipata, nikaikunja karatasi ile mfukoni.

Lilibaki swali la sauti, na hapa ndipo nilipotulia zaidi, kwa sababu watu hubishana sana juu ya chipu za DAC. Rafiki yangu wa Upanga ana deki ya bei mara kadhaa ya ile niliyoikusudia, na akaazima nyingine ya kawaida kwa jirani yake. Tukaziunganisha zote mbili kwenye amplifaya moja. Jambo la lazima katika zoezi hili ni kusawazisha ukubwa wa sauti. Deki ya CD kwa kawaida hutoa kama volti 2, lakini moja inazidi kidogo na nyingine inapungua kidogo, na sikio la binadamu hupenda kinacholia zaidi hata kama halijui kwamba kinalia zaidi. Tukachoma diski yenye mlio mmoja wa hezi 400, tukapima volti kwenye vituo vya spika kwa mita ya fundi, tukaweka alama ya chaki kwenye nobu ya sauti kwa kila deki. Kisha mpwa wake akawa anabadilisha, mimi nimewapa mgongo.

Nilitumia diski ya kiwandani ya Ikhwani Safaa, kikundi cha Unguja kilichoanza mwaka 1905, kwa sababu kanuni haifichi kitu. Kila ugwe unapokwanyuliwa unasikia mwanzo wake mkali halafu mtetemo unaofifia, na deki mbovu huvichanganya. Zote mbili zilivitenganisha. Nilijaribu kubashiri ipi ni ipi na sikuweza kwa uhakika. Tofauti niliyoisikia waziwazi ilikuwa kwenye ukimya wa kati ya nyimbo: moja ilikuwa ikivuma yenyewe, mota na diski vikizunguka, na ukiwa umekaa karibu unausikia mvumo huo kabla ya sauti ya mwimbaji. CD hubeba sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, kila moja kwa biti 16, nayo inatosha mpaka hezi 20,000, ukomo wa sikio zuri la kijana. Chombo kilichotengenezwa kwa uangalifu kinaitoa yote. Wapo wenzangu wanaosikia zaidi ya hapo na siwabishii, ila fedha yangu niliamua iende kwenye usomaji, utulivu na uzima wa chombo.

Nikavuka kwenda Unguja, maana vyombo vya mtumba kutoka Uingereza hupatikana huko, nikazunguka maduka ya Darajani na diski zangu kwenye mfuko. Ya kwanza niliyoipenda ilikuwa na skrubu zilizokwanguka vichwa, dalili kwamba imefunguliwa sana. Ya pili ilisoma vizuri mpaka nilipoitaka wimbo wa mwisho. Hili ni jaribio ninalomshauri kila mtu. CD husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, diski ikizunguka kwa kasi mwanzoni, kama mara 500 kwa dakika, na kupungua hadi kama 200 mwishoni. Ukingoni ndiko diski inakoyumba zaidi, na leza iliyochoka huonekana huko. Chukua diski iliyojaa zaidi uliyonayo, ya dakika sabini na kitu, nenda moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho, sikiliza mpaka uishe. Ile deki ilianza kurukaruka humo.

Ya tatu ilikuwa Yamaha CD-S300. Kijana wa duka aliniambia, "Haya ami, tia diski zako zote, mie sina haraka." Nikazitia. Ya kiwandani ikasomwa mara moja. Ya kuchoma ikachukua muda kidogo zaidi, ikasomwa. Ya MP3 ikasomwa. Yenye mikwaruzo ikapita bila kukwama. Nikaiacha ipige zaidi ya saa nzima, kwa sababu zipo leza zinazofanya kazi zikiwa baridi na kushindwa zikipata moto. Nikabonyeza kusogeza mbele na kurudi nyuma, nikafungua na kufunga trei mara nyingi, nikahakikisha rimoti yake ipo. Kijana akafungua kifuniko, nikapiga picha ya lenzi nikamtumia fundi, naye akajibu kwamba ya aina hiyo anaweza kuipata. Bei ilikuwa chini ya nusu ya mpya.

Nyumbani niliiunganisha kwenye tundu la CD la amplifaya kwa waya wa RCA wa kawaida ulio imara. Amplifaya ikiwa na tundu la PHONO, usiiguse kwa deki. Ile ni ya sahani za santuri, inakuza sauti mno na kuibadilisha besi. Deki haikai juu ya amplifaya kwa sababu ya joto, wala juu ya spika kwa sababu ya mtikisiko. Umeme unapita kwenye stebilaiza kwanza. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, kwa hiyo ninaifunika isipotumika, na sikai muda mrefu bila kuiwasha.

Diski nazo zina adabu yake. Zifute kwa kitambaa laini cha pamba kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzunguka. Mfumo wa kurekebisha makosa ulio ndani ya CD unaweza kuziba pengo la kama milimita 2.5 kwenye njia ya muziki. Mkwaruzo unaoikata njia hiyo huzibika, ila unaofuata njia yenyewe unapoteza kipande kirefu. Na upande wa kuogopa zaidi ni ule wenye maandishi. Upande wa leza kuna plastiki ya milimita 1.2 inayolinda, lakini upande wa lebo tabaka la muziki liko chini tu ya rangi. Nimeshazuia kuandika juu ya diski kwa kalamu ya wino mgumu.

Deki imesoma karibu kila kitu nilichokuwa nacho. Zilizoshindikana ni diski chache za kuchoma ambazo zilikaa juani dirishani, rangi yake imefifia, na fundi amezitazama akasema hakuna lenzi itakayozirudisha. Zile za kuchoma zilizo hai nimeanza kuzihamishia kwenye kompyuta kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza sauti, moja baada ya nyingine, nikianza na ambazo najua hakuna mwingine mwenye nakala, kisha nazirudisha kwenye majalada yake na tunaendelea kuzipiga.