Nguvu zaidi, mafuta pungufu: nilivyolibadilisha gari langu la cc 1800

Fundi wa kwanza niliyemweleza nia yangu alifuta mikono kwa tambara, akaniambia, "Kaka, hapo chagua moja. Gari likimbie, au lisinywe mafuta. Vyote viwili hupati." Wa pili akasema hivyohivyo. Wa tatu akacheka tu. Gari lenyewe ni la petroli, silinda nne, cc 1800, gia za mkono, limeshatembea kilomita nyingi, nami nalipenda mno kuliuza. Nilitaka lipande mlima bila kulalamika, na bado nisiwe mgeni wa kudumu wa vituo vya mafuta.

Kilichonipa moyo ni mbio za Formula 1. Tangu 2014 kanuni za mbio hizo zinaweka kikomo cha petroli inayoingia kwenye injini, na kwa miaka mingi kikomo hicho kilikuwa kilo 100 kwa saa. Ukishabanwa hivyo, nguvu ya ziada utaitoa wapi kama si kwenye tone lilelile? Mwaka 2017 Mercedes walitangaza kwamba injini yao, ikiwa kwenye mashine ya majaribio, imevuka asilimia 50, yaani zaidi ya nusu ya nishati ya petroli iligeuka kuwa kazi. Magari yetu ya kawaida hayakaribii hapo. Sehemu kubwa ya mafuta tunayonunua inatoka kama joto, kupitia ekzosi na redieta. Nikajiambia: nikiziba mianya ya upotevu, hicho kinachookolewa nitakitumia nitakavyo, kukimbia au kubana matumizi.

Kabla ya kushika spana nilinunua daftari. Kila nilipojaza tangi, kwenye pampu ileile, mpaka bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza, niliandika lita, kilomita na aina ya safari. Nilijaza mara sita bila kubadilisha kitu chochote kwenye gari. Wastani ukawa kilomita 10.1 kwa lita. Kutoka 0 hadi 100, kwenye njia iliyofungwa ya majaribio, sekunde 11.7. Nawasihi wanaotaka kuanza kazi hii wasiiruke hatua hii hata kama inachosha, maana sikio na kiti vinadanganya sana. Ekzosi ikipiga kelele zaidi, dereva anaamini gari limeongeza mbio.

Kisha nikachomeka kifaa cha kusoma data chini ya dashibodi, nikakiunganisha na simu, nikaendesha nusu saa. Nilitegemea kuona gari zima linalosubiri kuongezewa vitu. Nikakuta gari gonjwa.

Kwanza, joto la maji lilikuwa nyuzi 68 kwenye mwendo wa barabara kuu, wakati lilipaswa kuwa kati ya 85 na 90. Tulipofungua tukakuta mtu aliyetutangulia ameitoa themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye redieta mpaka injini ipate moto, na kuitupa. Wengi hufanya hivyo wakidhani wanailinda injini isichemke. Injini ikiwa baridi, kompyuta ya gari huamini bado inapashwa moto, inaongeza petroli, na oili nayo inabaki nzito. Themostati mpya ni kazi ya saa moja.

Pili, kompyuta ilikuwa inaongeza petroli kwa asilimia 13 juu ya hesabu yake ya kawaida, muda wote. Sababu nikaisikia asubuhi moja nilipowasha gari likiwa baridi: tik-tik-tik nyembamba upande wa manifoldi ya ekzosi (mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye silinda), ikapotea baada ya dakika tatu hivi. Manifoldi ilikuwa na ufa. Chuma kikipata moto kinatanuka, ufa unajibana, sauti inaisha. Kumbe ufa ule, hata ukiwa umejibana, bado ulikuwa unavuta hewa ya nje na kuipeleka kwenye sensa ya oksijeni. Sensa inaona oksijeni nyingi, inaripoti kwamba petroli ni chache, na kompyuta kwa utiifu wake inazidi kumwaga.

Hapo ndipo matengenezo na mabadiliko yalipokutana. Manifoldi lazima inunuliwe, kwa hiyo nikachagua ile ya mabomba marefu, ambamo mabomba manne yanakuwa mawili kisha moja, na silinda zinaunganishwa kwa zamu zinazopishana. Moshi hautoki kama maji ya bombani. Unatoka kwa mapigo, na pigo la silinda moja likipita vizuri linaacha mvuto nyuma yake unaomsaidia mwenzake kutoa mabaki. Katalisti, kifaa cha kusafisha moshi, niliiacha mahali pake ingawa nilishauriwa mara mbili niikate. Watu wengine wanavuta hewa ninayoiacha nyuma, na ikiwa nzima haizuii kiasi hicho wanachosema.

Tatu, breki. Hili nililigundua kwa mkono. Baada ya mwendo wa dakika ishirini nilisimama taratibu bila kukanyaga breki sana, nikagusa rimu zote nne. Tatu zilikuwa vuguvugu. Ya nyuma kushoto ilinifanya nirudishe mkono haraka. Nikaipandisha jeki, nikaizungusha gurudumu: nusu mzunguko, ikasimama. Pini ambazo kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) inateleza juu yake zilikuwa na kutu, pedi hazirudi. Nikazitoa, nikazisugua kwa msasa laini, nikazipaka grisi ya breki isiyoyeyuka kwa joto. Gurudumu likazunguka mara tatu na ushee kabla ya kusimama. Nilikaa pale chini nikilizungusha tena na tena. Sijui ni kwa muda gani nilikuwa naburuta breki barabarani huku nikiilaumu injini.

Baada ya mambo hayo matatu daftari lilisoma kilomita 11.6 kwa lita, na sekunde 11.1.

Mambo madogo yalikwenda haraka. Upepo wa tairi niliurudisha kwenye kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango, alaimenti ikarekebishwa, oili ikawa ya unene ambao kitabu cha gari kinataka badala ya ile nzito niliyozoea. Keria ya juu ya paa ikashuka, maana ukingamizi wa upepo huongezeka kwa mraba wa mwendo, na keria tupu haifanyi kazi nyingine zaidi ya kuupiga upepo. Kwenye buti nilitoa kilo 38 za vitu nisivyovikumbuka. Tairi la akiba nikalirudisha. Rimu nilizishusha kutoka inchi 17 nzito kwenda 16 nyepesi, pungufu ya kilo nne kila moja. Uzito unaozunguka unagharimu mara mbili: lazima uusukume mbele na pia uuzungushe.

Kisha nikakosea. Nilifunga eya klina ya wazi, ile ya umbo la koni, katikati ya chumba cha injini. Mngurumo ulikuwa mtamu ajabu. Wiki mbili baadaye daftari likarudi kilomita 11.1. Sensa ya joto la hewa ilionyesha kwamba kwenye foleni injini ilikuwa inavuta hewa ya nyuzi 61, wakati nje ni 33. Hewa moto ni nyepesi, ina oksijeni pungufu, na tena inaikaribisha injini kugonga, yaani petroli kulipuka yenyewe nje ya wakati, kwa hiyo kompyuta inachelewesha cheche kujilinda. Nikairudisha boksi ya awali yenye chujio safi la karatasi, nikavuta bomba la hewa kutoka nyuma ya taa ya mbele, hewa isiyopita karibu na injini. Mngurumo ukaisha, nguvu zikarudi. Wakati huohuo kuna aliyeniuzia wazo la sumaku za kubana kwenye bomba la petroli. Hilo sikulijaribu. Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, limeshapitia vifaa zaidi ya 100 vinavyodai kuokoa petroli, na halikupata hata kimoja kinachopunguza matumizi kwa kiasi cha maana.

Kazi kubwa ilikuja gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ilipoanza kuvuja oili. Hedi ikishashuka, nikasema, haipandi vilevile. Uwiano wa mgandamizo, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli unabanwa mara ngapi ndani ya silinda, ulikuwa 9.5 kwa 1. Kadiri mchanganyiko unavyobanwa zaidi kabla ya kuwaka, ndivyo unavyosukuma pistoni kwa umbali mrefu zaidi unapotanuka, na kazi zaidi inatoka kwenye petroli ileile. Tulisaga hedi nusu milimita, tukaweka gasketi nyembamba zaidi kwa milimita 0.2, hesabu ikatupa 10.1. Kabla ya kufunga kabisa tulibandika vipande vya plastasini juu ya pistoni, tukafunga hedi kwa muda, tukazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, tukafungua. Alama za valvu zilikuwa zimezama kwenye plastasini. Pale palipobaki pembamba kabisa tulikata kwa wembe na kupima: milimita 2.3. Fundi akatabasamu, nami nikapumua.

Mgandamizo peke yake haukuleta mengi. Faida iliyobaki ilikuwa kwenye taimingi, yaani wakati cheche inaporuka. Petroli haiwaki yote kwa mara moja, inahitaji muda, kwa hiyo cheche hutangulia ili shinikizo lifike kileleni nyuzi kama 15 za mzunguko wa injini baada ya pistoni kupita juu kabisa. Ukichelewa, moto unaifukuza pistoni inayokimbia, na joto linaishia ekzosi. Ukiwahi mno, injini inagonga na inaweza kujitoboa. Tulikwenda kwenye mashine ya rola inayopima nguvu za magurudumu, na kompyuta inayoweza kupangwa upya, tukatumia petroli ya okteni 95 tu. Kwenye mwendo wa kawaida, kanyagio likiwa limeguswa kidogo, tuliacha sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli na kuwahisha cheche nyuzi nne. Kwenye kanyagio la mwisho tulikuta kiwandani walimwaga petroli nyingi kwa tahadhari, tukaipunguza mpaka 12.8 na kuwahisha nyuzi mbili. Karibu na mizunguko 3,400 mtaalamu aliyevaa spika za masikioni akainua mkono: amesikia kugonga. Pale tukarudisha nyuzi moja na nusu. Ni sehemu ndogo ya ramani, yaani jedwali la cheche na petroli ndani ya kompyuta, lakini ndiyo ambayo ingeniua injini mlimani.

Magurudumuni zilitoka nguvu za farasi 111, kutoka 98.

Cha mwisho ni gia ya tano. Niliibadilisha kwa ndefu zaidi kutoka toleo jingine la gari hilohilo, uwiano wa 0.76 badala ya 0.86. Kwenye 100 injini inazunguka 2,800 badala ya 3,200. Gia nne za kwanza hazikuguswa, na kwa kuwa nguvu za chini zimeongezeka, milima mingi naipanda bila kurudi ya nne.

Wiki ya kwanza baada ya yote haya nilipata kilomita 10.9 kwa lita. Nilishtuka, nikatafuta kosa siku mbili nzima, mpaka nilipotazama data ya kanyagio: nilikuwa nalikanyaga mpaka chini kila mara, kwa furaha. Matangi manane yaliyofuata wastani ni 13.3. Sekunde ni 9.9.

Sasa hivi nipo chini ya gari lenyewe. Kifuniko cha plastiki cha chini ya injini kilipotea zamani, na upepo unaingia pale na kugonga kila kitu. Nimekata bati la aluminiamu kwa kielelezo cha karatasi ngumu, nimeacha tundu la kumwagia oili, zimebaki boliti sita. Daftari liko kwenye kiti cha mbele, ukurasa mpya, tarehe imeshaandikwa.