Siku moja maishani mwangu: ofisa habari wa chama cha wanataaluma

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya kunawa uso natafuta jina la chama chetu Google, kisha naingia X (zamani Twitter) na kupanga matokeo kuanzia ya sasa hivi. Wanaoniona na simu muda wote hudhani nazurura mitandaoni. Hapana, hii ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya.

Saa 2 niko ofisini. Barua pepe, jarida la wanachama, picha za semina. Kufikia saa 4 yote yamekwisha.

Saa 4:20 mwanachama mmoja anaandika: "Nimekatwa ada mara mbili, cheti sijapata, simu hazipokelewi. Chama hiki kinamsaidia nani?" Ameweka na picha za risiti. Dakika kumi hazijapita, watatu wengine wanasema yamewakuta hayo hayo. Natafuta jina letu: maneno yake yako juu, taarifa yetu ya mkutano mkuu iko chini kabisa.

Nilianza kazi hii mwaka 2009. Desemba ya mwaka huo Google ilianza kuonyesha machapisho ya Twitter katika matokeo yake papo hapo. Julai 2011 mkataba wao ulikwisha, yakaondolewa, kisha mwaka 2015 yakarudi. Viongozi wengi wa vyama bado wanaishi enzi ya kabla ya hapo, lalamiko lilipokuwa likisubiri mkutano mkuu. Na lalamiko la mwanachama lina uzito wake. Mteja akiudhika huhamia duka jingine, lakini mwanachama ni mwenye nyumba. Akisema paa linavuja, mpita njia ana sababu gani ya kumbishia?

Naandika jibu la sentensi nne. Mhasibu anakagua na kuthibitisha: ni kweli, mfumo wetu umewakata watu mara mbili. Katibu Mtendaji anasema nisitoe neno bila idhini ya Mwenyekiti. Mwenyekiti yuko kikaoni, simu imezimwa. Mwanasheria anafuta "tunaomba radhi". Namwomba airudishe, anakataa. Saa 6 inapita, saa 7 inapita, tumbo linauma kwa njaa na siwezi kunyanyuka kitini, kwa sababu sasa kuna aliyeandika kwamba chama kinafilisika. Si kweli hata kidogo. Lakini sisi tumenyamaza, na kila anayetutafuta saa hii anaukuta uongo huo bila jibu letu kando yake.

Karibu saa 9 Mwenyekiti anapiga.

"Kwani dada, wameona watu wangapi?"

"Mheshimiwa, walioona leo ni wachache. Mimi nawahofia watakaotutafuta kesho kabla ya kulipa ada."

Kimya. Kisha: "Toa. Na radhi irudi."

Natoa taarifa, halafu nampigia yule mwanachama mwenyewe. "Kaka, pesa iliyozidi inarudishwa leo. Cheti chako ninacho hapa mkononi."

"Dada, mimi sikutaka kukichafua chama changu. Nimepiga simu siku nne."

Siku nne! Natoka kwenda mapokezi. Kile kiti kina mwezi mzima hakina mtu, na simu iko pale pale mezani. Maneno mengi niliyokuwa nimeyaandaa kuhusu uvumi wa mitandaoni yanaisha nguvu. Naenda kwa Katibu Mtendaji, nasimama mlangoni mpaka anaandika jina la atakayepokea simu kuanzia kesho asubuhi.

Jioni, sijui saa ngapi, yule kaka ameandika shukrani. Aliyezisambaza ni mtu mmoja tu. Picha za risiti bado zinazunguka, na uvumi wa kufilisika uko juu ya taarifa yetu. Nawajibu mmoja mmoja, macho yanawaka.

Niko kitandani ujumbe unapoingia, wa mtu nisiyemjua: "Nilitaka kujiunga. Haya ninayoyasoma ni kweli?"

Nakaa, nawasha taa. Naandika: "Ada kukatwa mara mbili ni kweli, na wote wanarudishiwa. Kufilisika si kweli. Nakutumia hesabu zetu zilizokaguliwa. Ukiwa na swali jingine niulize, niko macho."