Alama za Penseli

Juzi binti yangu alisimama sebuleni, kidole ukutani, akaniuliza: "Mama, nani kaandika tarehe hapa?" Yeye kila siku anakatazwa kuchora kuta, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuuliza. Nikamwambia ni yule mzee mhandisi. Akaenda zake kucheza. Mimi nikabaki pale pale.

Tulipokuwa tunainunua nyumba hii, mkopo ulikuwa umeshapita. Benki ilimtuma mthamini wake, ada tukalipa sisi, ikaja ripoti ya kurasa tatu. Baba yake binti akasema, "Hiyo ni ya benki. Nyumba ni ya zamani, tena imeongezwa vyumba viwili kwa nyuma. Tutafute mkaguzi wa kutukagulia sisi." Nikakataa. Tumeshalipia ukaguzi, tulipe tena wa nini? Nilikuwa nimechoka kutoa pesa, kila anayetugusa anadai ada. Akaninyamazia. Tukasaini, tukahamia.

Mthamini hujibu swali moja tu: mkopaji akishindwa kulipa na nyumba ikauzwa, benki itarudisha pesa yake? Darini hapandi, kabati hasogezi. Si kosa lake, hakutumwa hivyo. Ukaguzi wa mnunuzi ni kitu kingine, nao una viwango. Nyumba ya miaka ya karibuni, iliyojengwa kwa namna ya kawaida na kutunzwa, ukaguzi wa kati unaitosha. Nyumba kongwe, au iliyobomolewa hapa na kuongezwa pale, inataka ukaguzi kamili: mtu aingie darini aangalie kenchi, apime unyevu wa kuta, afuate maji ya gata yanamwagikia wapi, kisha aeleze kasoro imetokana na nini na itatengenezwaje. Yetu ilikuwa ya namna hiyo. Baba yake aliliona hilo bila kusomea.

Kiangazi cha kwanza, ufa ukatokea kwenye kona ya dirisha la sebule, ukapanda kimshazari kuelekea dari.

Mhandisi alikuja jioni. Mzee mpole, hana haraka. Aliomba tuzime taa na kufunga mapazia. Akawasha tochi, lakini hakuumulika ukuta kwa mbele kama ambavyo ningefanya mimi. Aliilaza tochi ubavu kwenye ukuta wenyewe, mwanga ukawa unapita juu ya rangi kama jua la magharibi juu ya shamba lililolimwa. Hapo ukuta ukabadilika. Pembeni ya ufa wetu mpya kulikuwa na tuta jembamba la lipu, limepanda sambamba nao, limesuguliwa likapakwa rangi. Ufa wa zamani. Ulizibwa kabla hatujaja.

"Weka kidole hapa, mwanangu," akaniambia. Nikaweka. Nilihisi pale lipu mpya inapokutana na ya zamani, kama kovu chini ya ngozi. Baba yake alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akipumua.

Mzee alipima: ufa ulikuwa mwembamba chini, juu umefika milimita 6. Akatuonyesha mti mkubwa nje ya dirisha. Udongo wa mfinyanzi, alisema, hunywea ukikauka na kuvimba ukilowa, na mizizi huukausha zaidi, basi upande ule wa msingi unashuka. Akachora vistari viwili vya penseli, kimoja kila upande wa ufa, akapima umbali kati yao, akaandika tarehe. Tupime kila mwezi, mwaka mzima, kiangazi na masika, ndipo tujue kama bado unatembea.

Alipokuwa akifunga mkoba nilimuuliza kilichokuwa kimenikaa rohoni: mkaguzi angeuona? Alifikiri kidogo. "Wakaguzi hawachimbui kuta za watu. Lakini ukuta mmoja ukinukia rangi mpya na nyingine hazinukii, mimi ningewasha tochi."

Siku ya kwanza kuitazama nyumba ile, sebule ilinukia rangi. Nakumbuka vizuri, kwa sababu nilivuta pumzi nikamwambia baba yake, hapa pananukia kwetu.

Hajawahi kunikumbusha. Wala mimi sijawahi kumwomba radhi. Jioni ile ya swali, binti alirudi na rula yake ya shule, akataka kupima vile vistari. Baba yake akamshikia tochi.