Nilivyodai malipo ya kazi ya jipsamu Houston

Kampuni yangu ndogo hufunga jipsamu na kupaka rangi ofisi mjini Houston, Texas. Mkataba wetu huwa na mkandarasi mkuu. Na mwenye jengo hatuna mkataba wowote. Mkandarasi mmoja alipoanza kunipiga danadana, niliamua kutumia zuio la fundi, yaani haki ambayo sura ya 53 ya sheria ya mali ya Texas humpa aliyefanya kazi au kuleta vifaa ili deni lake liandikishwe juu ya jengo lenyewe.

Wengi hukimbilia kuandikisha zuio, lakini kwa maoni yangu barua inayotangulia ndiyo yenye nguvu zaidi. Kwa majengo yasiyo ya makazi, mkandarasi mdogo humpelekea mwenye mali na mkandarasi mkuu taarifa ya deni isiyochelewa kupita tarehe 15 ya mwezi wa tatu baada ya mwezi wa kazi. Kwa kazi ya Machi, mwisho ni Juni 15. Mwenye jengo akishaipokea, anaruhusiwa kuzuia fedha za mkandarasi mkuu kiasi cha deni hilo, na akimlipa hata hivyo, huenda akalazimika kulipa mara mbili. Niliituma kwa barua ya rejista nikatunza stakabadhi. Jina la mwenye jengo nililitafuta katika kumbukumbu za tathmini ya kodi za Kaunti ya Harris, kwa kuwa lililoandikwa mlangoni lilikuwa la mpangaji.

Simu zikaanza kuja, fedha hazikuja. Kabla ya tarehe 15 ya mwezi wa nne baada ya mwezi wa mwisho wa kazi, niliapa hati ya zuio, nikaiandikisha kwa karani wa kaunti, na nakala nikazituma ndani ya siku 5. Sikuongeza hata senti, kwani anayeandikisha zuio la uongo kwa makusudi anaweza kudaiwa dola 10,000 au zaidi.

Mwenye jengo alikuwa akitafuta mkopo mpya, na benki haikutaka kuona zuio hilo. Mkandarasi akaniletea hati ya kuachilia haki isiyo na masharti, hundi ikiwa bado mkononi mwake! Nilikataa, nikasaini ile yenye masharti, ambayo haifanyi kazi mpaka malipo yapokewe. Fedha zilipoingia katika akaunti, ndipo nikasaini hati ya kuliondoa zuio.