Swali moja la baiti 9, kila blokucheni na jibu lake

Mei 2023 nilihamia toleo la 0.8.20, likiwa bado jipya, la kompaila ya Solidity, lugha ya kuandikia mikataba, yaani programu zinazoendeshwa ndani ya blokucheni. Mkataba uliokuwa ukipanda Ethereum bila shida ukakataliwa Arbitrum, mtandao uliojengwa juu ya Ethereum: opkodi batili, yaani amri ambayo mashine haiitambui. Nilikesha nikiupekua mstari kwa mstari, kumbe kosa halikuwamo humo. Kompaila mpya ilikuwa imeanza kutumia PUSH0, amri ya 0x5f inayoweka sifuri juu ya rundo. Ethereum iliipokea Aprili 12 mwaka huohuo, kwenye sasisho la Shanghai; Arbitrum ilikuwa bado. Nikairudisha shabaha ya kompaila kwenye "paris", yaani kanuni za kabla ya Shanghai, mkataba ukapanda.

Tangu hapo sikutaka tena kuambiwa kwamba mtandao fulani "unaendana na EVM", mashine ya Ethereum inayoendesha mikataba. Nikaamua kuiuliza mashine yenyewe. Njia niliyoipata haili gesi, yaani ada ya mtandao, hata kidogo: unatuma eth_call, ombi la kujaribisha tu, bila anwani ya mpokeaji, na kwenye data unaweka baiti mbichi. Nodi, yaani kompyuta ya mtandao huo, inazichukulia kama mkataba unaozaliwa, inaziendesha, inakurudishia matokeo, na hakuna kinachoandikwa kwenye mnyororo. Zangu zilikuwa 4360005260206000f3. Hiyo 43 ni NUMBER, namba ya bloku. Zilizobaki zinaipeleka kwenye kumbukumbu na kuitoa nje. Ukitaka kupima amri nyingine ya aina hiyo, badilisha baiti ya kwanza tu.

Majibu yalinitisha. PUSH0 angalau ilipiga kelele. NUMBER kule Arbitrum ilijibu kwa utulivu kabisa, ila namba ilikuwa ya Ethereum, tena ya makadirio. Ya Arbitrum yenyewe inaombwa kwenye anwani 0x64. Optimism, mtandao mwingine uliojengwa juu ya Ethereum, baada ya sasisho lake la Bedrock, ilitoa namba yake yenyewe, na bloku zake hutoka kila sekunde 2, si 12 kama Ethereum. Mkataba wangu ulifunga akiba za watu kwa bloku 50,400, yaani siku 7 za Ethereum. Optimism zingefunguka baada ya saa 28! Na hakuna kosa lolote ambalo lingeonekana.

Nikaweka 44, yaani PREVRANDAO, amri ya namba nasibu, ambayo wengine huitumia kuchezesha bahati nasibu. Arbitrum ikajibu 1. Nikarudia bloku iliyofuata: 1 tena.

Akiba sasa nazifunga kwa TIMESTAMP, yaani muda wa bloku, si namba yake. Baiti zile bado nazituma kabla ya kupakia mkataba popote, na kila mtandao unapotangaza sasisho.